Shajara ya mradi: makala ya sauti kuhusu Steve Albini, fundi aliyekataa mrabaha

Januari

Kazi ya kuandaa makala ya sauti kwa Kiswahili kuhusu Steve Albini wa Chicago imeanza rasmi mwezi huu, na shajara hii itaeleza inavyokwenda, yanayoamuliwa na sababu zake. Albini alikuwa mpiga gita, mwimbaji na fundi mitambo wa muziki wa roki wa bendi zisizotegemea kampuni kubwa, na mwenyewe alikadiria kuwa albamu alizorekodi zinafikia maelfu. Alifariki dunia kwa shtuko la moyo tarehe 7 Mei 2024 akiwa na umri wa miaka 61. Tangu hapo yameandikwa mengi juu yake kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili sijakutana na maelezo marefu ya namna alivyofanya kazi, na hilo ndilo pengo ambalo mimi na wenzangu wawili, mhariri na msimulizi, tunataka kuliziba.

Walengwa wetu ni vijana wanaojifunza kazi ya studio. Wengi wao wamelelewa na muziki wa kizazi kipya, ambamo prodyuza ndiye anayeunda mdundo, aghalabu ndiye mwenye studio, na jina lake au la studio yake husikika kabla msanii hajaimba neno la kwanza. Sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Imezaa nyimbo nzuri na imewapa mafundi heshima ambayo wazee wao wa enzi za redio hawakuipata. Albini, hata hivyo, alishika njia iliyo kinyume nayo kabisa. Hakutaka kuitwa prodyuza. Jina lake lilipowekwa kwenye jalada alipendelea litajwe kama la mtu aliyerekodi, na hakujali hata lisipoandikwa. Alitoza ada ya kazi, akalipwa, akaenda zake. Asilimia ya mauzo, yaani mrabaha, hakuitaka kwa bendi ndogo wala kwa bendi kubwa.

Dai ambalo nataka makala nzima ilibebe ni moja. Wanaomsimulia Albini kwa kawaida humgawa mafungu mawili: upande mmoja fundi mwenye masikio makali aliyejua kurekodi ngoma kuliko wengi wa zama zake, upande mwingine mkosoaji mkali wa kampuni za muziki. Mimi naona kwamba jinsi alivyolipwa na jinsi alivyotega maikrofoni ni jambo lilelile, kwa kuwa yote mawili yanatoka katika imani kwamba albamu ni mali ya bendi, na aliyeirekodi hana haki ya kujipachika ndani yake, iwe kwa sauti au kwa fedha. Kila sehemu ya makala itapimwa kwa dai hilo, na isiyolihusu itaondolewa hata kama inavutia.

Kuhusu haki za nyimbo, tumeamua kutopiga muziki wowote uliotolewa kibiashara. Tutaeleza sauti kwa maneno, na pale maneno yatakaposhindwa tutarekodi mifano yetu wenyewe.

Februari

Rasimu ya sehemu ya kwanza imekamilika. Albini alizaliwa Pasadena, California, tarehe 22 Julai 1962, akakulia Missoula, mji wa jimbo la Montana, ambako baba yake, Frank Albini, alikuwa mwanasayansi wa mioto ya misituni. Kazi ya baba ilikuwa kuunda hesabu za kukadiria moto utasambaa kwa kasi gani kulingana na upepo, mwinuko wa ardhi na aina ya majani yanayoungua. Mhariri aliona habari hiyo haihusiani na muziki, lakini nimeomba ibaki katika sentensi moja, kwa sababu mbele ya safari msikilizaji atakutana na mtu anayefikiri sauti kwa milisekunde na mita, na si vibaya ajue mapema kwamba mtu huyo alitoka katika nyumba ambamo vipimo vilikuwa mazungumzo ya kila siku.

Akiwa mwanafunzi wa shule aliisikia bendi ya Ramones na akapagawa na muziki wa panki. Mwaka 1980 alihamia Evanston, jirani na Chicago, kusomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na humo ndimo Big Black ilimozaliwa. Kazi ya kwanza ya bendi hiyo, Lungs, iliyotoka mwaka 1982, aliirekodi karibu peke yake nyumbani kwa mashine ya kuazima yenye njia nne za kurekodia sauti. Kwa kuwa hakuwa na mpiga ngoma, alitumia mashine ya midundo, Roland TR-606, na kwenye majalada ya albamu mashine hiyo ikaorodheshwa kama mwanabendi aitwaye Roland. Baadaye walijiunga Santiago Durango wa gita na Jeff Pezzati wa besi, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na Dave Riley.

Kuna kitu kidogo cha enzi hizo ambacho nimekipa aya nzima. Albini alipiga gita kwa kichokoo cha chuma alichokikata pengo kwenye ncha, ili kila pigo liguse waya mara mbili, na gita lenyewe alilifunga kiunoni kama mtu aliyejifunga mkanda, wala si begani. Sauti iliyotoka ilikuwa kali, ya chuma juu ya chuma, na kwa mtu aliyezoea gita la rumba linalotiririka itamchukua muda kuikubali. Lakini inaonyesha kwamba kabla hajawa fundi wa kuwanasa wengine bila kuwabadilisha, alikuwa mwanamuziki aliyejua barabara anachotaka kisikike, na nadhani ndiyo maana aliwaheshimu wengine walipojua wanachotaka.

Upande wa fedha, Big Black ilijitegemea kwa kila kitu. Walitafuta maonyesho yao wenyewe, walijilipia gharama za kurekodi, hawakuwa na meneja wala mkataba, na Albini alikuwa na ajira ya mchana ya kusafisha na kurekebisha picha za matangazo. Walipoamua kuivunja bendi mwaka 1987, wakati Durango anakwenda kusomea sheria, hawakuwa wanadaiwa na mtu. Hapo ndipo misimamo yake ya baadaye ilipoanzia: alijua kwa kuishi kwamba bendi inaweza kwenda bila kampuni kubwa.

Machi

Sehemu ya pili inahusu Surfer Rosa, albamu ya bendi ya Pixies, na ndiyo iliyotupeleka ukumbini na maikrofoni.

Albamu hiyo ilirekodiwa Desemba 1987 katika studio ya Q Division mjini Boston, ikatolewa na lebo ya 4AD ya Uingereza mwezi Machi 1988. Albini alilipwa ada ya mkupuo ya dola 1,500. Walipohitaji mwangwi katika sauti ya mpiga besi, Kim Deal, vifaa vyote vilihamishiwa bafuni, kwa kuwa Albini aliona mwangwi wa kuta za kweli ni bora kuliko ule unaotengenezwa na mashine. Aliacha pia baadhi ya mazungumzo ya wanabendi yasikike kati ya nyimbo. Anayeisikiliza leo anajua mara moja kwamba yuko ndani ya chumba pamoja na watu wanne wanaopiga kwa nguvu, na ngoma za David Lovering zinamgonga kifuani.

Mbinu ya ngoma ndiyo tuliyotaka kuieleza kwa mfano. Mbali na maikrofoni za karibu na kila ngoma, Albini alizoea kulaza nyingine sakafuni, umbali wa mita kadhaa kutoka kwa mpigaji. Maikrofoni iliyosimama juu ya stendi hupokea sauti mara mbili, mara ya kwanza ikija moja kwa moja na mara ya pili ikiwa imedunda kutoka sakafuni, na kwa kuwa hizo mbili hazifiki pamoja, baadhi ya masafa hufutana na ngoma huonekana nyembamba. Maikrofoni iliyolala sakafuni haina tatizo hilo. Kisha aliichelewesha sauti ya maikrofoni hizo kwa milisekunde 10 hadi 20. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 20 ni sawa na kuisogeza mbali kwa mita 7 hivi: masikio husikia chumba kikubwa kuliko kilichopo, huku pigo lenyewe likibaki wazi.

Tumefanya jaribio hilo katika ukumbi wa jumuiya wenye sakafu ya saruji na paa la bati. Mpiga ngoma ni kijana wa kwaya ya kanisa, mwenye mkono mwepesi na mguu mzito. Tulizilaza maikrofoni mbili juu ya sakafu tupu, tukafunga madirisha ya upande wa barabarani, naye akapiga mdundo uleule polepole, kisha kwa kasi. Bila ucheleweshaji, sauti ya sakafuni ilichafua pigo la ngoma kubwa. Tulipoichelewesha kwa milisekunde 20, pigo lilisimama peke yake na ukumbi ukafunguka nyuma yake. Msimulizi, ambaye si fundi na hakuwa ameelezwa kilichobadilishwa, aliuliza kama tumevunja ukuta. Swali lake limebaki kwenye rekodi na tutalitumia.

Pedali ya ngoma kubwa ilikuwa inalia kidogo kila inapokanyagwa. Kijana aliomba tuirudie baada ya kuitia mafuta. Nilimwambia kwamba ni uamuzi wake, kwa kuwa ngoma ni zake. Akafikiri, akatia mafuta, tukarekodi tena. Nadhani Albini angefanya hivyohivyo. Wengi hudhani kuwa alipenda ukali na uchafu wa sauti kwa ajili yao wenyewe, ilhali utaratibu wake ulikuwa kuiuliza bendi inataka nini na kulifanya hilo vizuri kadiri inavyowezekana. Ushahidi uko katika orodha ya kazi zake. Ndiye aliyerekodi Things We Lost in the Fire ya bendi ya Low, iliyotoka mwaka 2001, muziki wa taratibu ulio karibu na ukimya; ndiye aliyerekodi albamu kadhaa za Nina Nastasia, nyimbo za gita na sauti ya chini; na katika Ys ya Joanna Newsom ya mwaka 2006, kinubi na uimbaji alivirekodi yeye. Hakuna mlio mmoja unaozifunga pamoja kazi hizo. Kinachozifunga ni kwamba kila moja inasikika kama wenyewe walioipiga.

Aprili

Mwezi huu umekwenda wote kwa sehemu ya tatu, na sijutii, kwa sababu humu dai la mradi linasimama au linaanguka.

Mwishoni mwa mwaka 1992, katika studio ya Pachyderm iliyoko porini karibu na Cannon Falls, jimbo la Minnesota, Albini alirekodi Rid of Me, albamu ya mwimbaji PJ Harvey wa Uingereza. Februari 1993 alirudi hapohapo na Nirvana, wakati huo bendi ya roki iliyotazamwa kuliko zote duniani, kurekodi In Utero. Kabla ya kazi aliwaandikia barua ambayo baadaye ilichapishwa, na barua hiyo ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Katika kurasa zilezile anaeleza kwanza namna anavyopenda kurekodi: bendi ipige pamoja, kuachwe nafasi ya yasiyotarajiwa, mafundi na kampuni wasiingilie, na rekodi isichukue siku nyingi, kwani ikipita juma moja kuna mtu anayeiharibu kazi. Kisha, bila kubadili sauti, anafika kwenye malipo. Anasema anataka kulipwa kama fundi bomba, anayefanya kazi na kulipwa thamani yake. Mrabaha hataki kuusikia, kwa hoja kwamba bendi ndiyo inayotunga nyimbo, bendi ndiyo inayozipiga, na mashabiki wa bendi ndio wanaonunua. Mtu aliyeyaona mambo hayo kuwa mawili angeandika barua mbili.

Bendi ilitumia dola 24,000 kwa ajili ya studio, na ada ya Albini ilikuwa dola 100,000 za mkupuo. Kazi ilimalizika ndani ya wiki mbili. Ngoma za Dave Grohl zilizungukwa na maikrofoni nyingi katika chumba kikubwa, na kwa nyimbo mbili za kasi zilihamishiwa jikoni kwa sababu mwangwi wake ulifaa.

Mwaka uleule, katika toleo la tano la jarida la The Baffler la Chicago, Albini alichapisha insha yake kuhusu mikataba ya kampuni kubwa, The Problem with Music. Nimeisoma upya kwa kalamu mkononi. Anachukua bendi ya kubuni iliyosaini mkataba wenye malipo ya awali ya dola 250,000 na albamu yake ikauza nakala 250,000, yaani biashara ya rejareja ya dola milioni 3. Kisha anashuka mstari kwa mstari: studio, meneja, wakala, mwanasheria, video, basi la ziara, hadi jezi za kuuza. Mwishoni kampuni inabaki na faida ya dola 710,000, meneja anapata dola 51,000, na kila mwanamuziki dola 4,031.25. Prodyuza katika hesabu hiyo anapata dola 90,000, ambazo 50,000 ni malipo ya awali na 40,000 ni mrabaha unaokatwa katika fungu la bendi.

Msikilizaji makini atauliza: je, Albini mwenyewe hakupokea dola 100,000 kwa Nirvana, nyingi kuliko za prodyuza anayemlaumu? Mhariri aliniuliza swali hilohilo, na tumekubaliana kwamba makala ilijibu waziwazi badala ya kulikwepa. Ada hiyo ilijulikana kabla ya kazi, ililipwa na bendi yenye uwezo wa kuilipa, na baada ya hapo Nirvana hawakudaiwa naye chochote. In Utero ilitoka Septemba 1993 na ikaingia moja kwa moja namba 1 katika chati ya albamu za Marekani. Mamilioni ya nakala yameuzwa tangu hapo. Katika kila nakala hiyo, fungu ambalo mtu wa nafasi yake angelikata limebaki kwa wenye nyimbo, na kwa hesabu yoyote unayoifanya, alichokiacha mezani ni kikubwa mara nyingi kuliko alichokibeba. Sioni watu wengi, katika nchi yoyote, walioandika kanuni ya namna hiyo na kuishika pale iliposhikika kwa gharama.

Gharama nyingine ilikuja upesi. Kampuni na washauri wa bendi hawakuridhika na mlio wa albamu, magazeti yakalipeperusha jambo hilo, na mwishowe nyimbo mbili, Heart-Shaped Box na All Apologies, zilichanganywa upya na prodyuza Scott Litt, huku Bob Ludwig akisawazisha albamu nzima katika hatua ya mwisho. Albini alieleza baadaye kwamba baada ya mgogoro huo simu za kampuni kubwa zilikatika na alikaribia kufilisika. Mwaka 2013, albamu ilipotimiza miaka 20, bendi ilimwita tena aichanganye upya, na toleo hilo likatolewa.

Mei

Sehemu ya nne ni ya jengo. Kwa miaka mingi Albini alirekodi nyumbani kwake, bendi zikipandisha na kushusha vifaa ngazini, hadi alipofungua studio ya Electrical Audio katika barabara ya Belmont, Chicago, mwaka 1997. Kuta zake nyingi za ndani ni za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, ya aina ambayo mtu wa Dodoma au Kitui hahitaji kuelezwa. Yalichaguliwa kwa sababu ni mazito na hayarudishi sauti kwa ukali kama saruji. Kuna studio mbili, ndani yake vyumba vyenye tabia tofauti, vingine vyenye mwangwi mrefu na kingine kisichorudisha sauti kabisa; kuna pia vyumba vya kulala, ili bendi iliyosafiri kutoka mbali isilipe hoteli. Bei hutangazwa, na bendi isiyojulikana hulipa kwa utaratibu uleule na mtu maarufu. Walioingia humo ni wa kila daraja. Mwimbaji Jason Molina aliirekodi humo albamu ya Magnolia Electric Co. mwaka 2002, wanamuziki wakipiga pamoja kwa wakati mmoja, na mimi naihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora zilizopita mikononi mwa Albini.

Suala la tepu limetuchukua muda. Albini aliendelea kurekodi kwenye tepu za sumaku za upana wa inchi 2, zenye njia 24 za sauti, miaka mingi baada ya studio nyingi kuhamia kwenye kompyuta, na watu walimdhania mshamba au mpenda ya kale. Hoja yake ilikuwa ya utunzaji. Programu za kompyuta hubadilika, faili la leo huenda lisifunguke baada ya miaka 20, lakini tepu iliyohifadhiwa vizuri inaweza kuchezwa na yeyote mwenye mashine, na mashine yenyewe inaweza kutengenezwa upya na fundi anayeelewa umeme na sumaku. Kwa hiyo tepu nayo inaingia katika dai letu: ikiwa albamu ni mali ya bendi, basi fundi ana wajibu wa kuikabidhi katika hali ambayo wajukuu wa wanabendi wataweza kuisikia. Wasikilizaji wetu wana sababu ya kulielewa hilo kuliko wengi, maana bendi za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam zamani, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, tunazisikia leo kwa sababu tepu zilibaki kwenye rafu.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya fundi mitambo wa redio enzi hizo amekubali kutuonyesha namna tepu inavyokatwa na kuungwa. Alikuja na kipande cha tepu ya robo inchi, wembe, na kibao kidogo cha chuma chenye mfereji na mkato wa mshazari. Aliipitisha tepu kwa mkono mbele na nyuma juu ya kichwa cha mashine, akisikiliza neno likinguruma kama mtu anayeongea usingizini, akaweka alama kwa penseli ya nta mahali sauti inapoanzia, akailaza kwenye mfereji na kuikata kwa mshazari ili kiungo kisitoe mlio. Nilimwuliza kama hakuwahi kuogopa. "Mwanangu," alisema, "hapa ukikata umekata, kwa hiyo unasikiliza kwanza mpaka uwe na hakika." Kisha akaunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi, akaisugua kwa ukucha, akaturudishia sentensi isiyo na kikohozi kilichokuwemo.

Gurudumu moja la tepu ya inchi 2 yenye futi 2,500 hudumu takribani dakika 33 kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde, na nusu ya hapo kwa kasi ya inchi 30. Kwa kiasi hicho bendi haiwezi kupiga wimbo mara hamsini na kuahirisha uamuzi. Inapiga, inasikiliza, inachagua. Tumeweka takwimu hizo baada ya sauti ya mzee, kwa kuwa zinaeleweka vizuri zaidi baada ya kusikia wembe.

Juni, mwanzo

Kuna jambo ambalo makala ya heshima haiwezi kuliruka. Bendi ya pili ya Albini, iliyodumu kati ya 1987 na 1989, ilipewa jina linalofanyia mzaha ubakaji, na katika maandishi na nyimbo zake za ujana alitumia lugha ya kuwadhalilisha wanawake na watu wa makundi mengine kwa kisingizio cha kushtua. Watu waliumizwa na mambo hayo. Mwaka 2021 alikiri hadharani kwamba alikuwa amekosea, kwamba mengi aliyoyasema yalitokana na ujinga na starehe ya mtu asiyeguswa na madhara, na akarudia kukiri hivyo katika mahojiano ya mwaka 2023 bila kudai asamehewe. Jina la ile bendi alisema halina utetezi.

Msimulizi alitaka sehemu hii isomwe na yeye, mwanamke, bila muziki chini yake, na imesomwa hivyo. Hatukuipunguza, wala hatukuitumia kumsafisha. Kanuni aliyoishika kwa bendi, ya kutochukua kisicho chake, ilichelewa sana kufika katika ulimi wake, na makala inalisema hilo kwa maneno hayo.

Juni, mwisho

Sehemu ya mwisho ni ya Shellac, bendi aliyoianzisha mwaka 1992 na mpiga ngoma Todd Trainer, kisha akajiunga Bob Weston wa besi, ambaye naye ni fundi wa kurekodi. At Action Park ilitoka mwaka 1994 kwa lebo ya Touch and Go ya Chicago, na albamu zilizofuata zilikuja kwa nafasi, nyingine baada ya miaka saba. Wote watatu walikuwa na kazi zao, wakakutana walipopata muda, hawakufukuzia chochote. Nimeipa sehemu hii dakika chache kuliko nilivyopanga. Kwa msikilizaji wetu, ngoma za Trainer zilizowekwa mbele kabisa ya jukwaa zinasema mengi kuliko historia ya ziara.

Tumeongeza aya fupi kuhusu karata, kwa sababu inajibu swali la fedha. Albini alishinda bangili mbili za mashindano ya dunia ya poka mjini Las Vegas, mwaka 2018 kwa zawadi ya dola 105,629 na mwaka 2022 kwa dola 196,089. Mtu aliyerekodi moja ya albamu zilizouza sana katika miaka ya 1990 alizihitaji fedha hizo. Studio haikumtajirisha, na aliiendesha kwa bei ambayo bendi za kawaida ziliimudu hadi mwisho.

To All Trains, albamu ya sita ya Shellac, ilikuwa imekwisha kupangiwa tarehe ya kutoka alipofariki. Ilitoka tarehe 17 Mei 2024 kama ilivyopangwa.

Hali ya mradi ni hii: sehemu ya kwanza na ya pili zimechanganywa na kukubaliwa na sote. Ya tatu itasomwa upya, kwa kuwa msimulizi anataka kuzitamka takwimu za insha polepole zaidi, mstari mmoja baada ya mwingine, ili mwenye kalamu aweze kuziandika. Mzee wa wembe ameomba kusikia sehemu yake kabla haijafungwa na tutampelekea juma lijalo. Mpiga ngoma amelipwa ada tuliyokubaliana, na rekodi zake zote za ukumbini, zile za pedali inayolia na zile za pedali iliyotiwa mafuta, amekabidhiwa nakala kamili. Anaweza kuzitumia apendavyo, nasi tumemwandikia hivyo kwenye karatasi yenye saini zetu.